Siku Mama Alipokuja Kucheza

Binti yangu ana miaka minne na hajui kukaa bila kazi. Nilikuwa chumbani juu, katika nyumba ya mama yangu hapa Erdington, Birmingham, nikikunja nguo zake na kuzitia kwenye mifuko, na nilikuwa nimevaa koti kwa sababu hita zilikuwa zimezimwa tangu siku ya mazishi yake. Nilipoona kimya kimezidi, nikashuka. Nikamkuta jikoni, sakafuni. Alikuwa amefungua kabati la chini, ametoa unga wa ngano na pakiti ya chumvi, amemimina maji, na sasa anafinyanga. Mikono nyeupe hadi kwenye viwiko.

"Chakula hakichezewi!" nilisema.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama, na hata ile namna ya kusimama mlangoni ilikuwa yake. Mtoto akaniangalia bila wasiwasi, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. "It's not food, Mum. It's dough." Akaendelea.

Ndipo harufu ikanifikia. Unga mbichi uliolowa maji ya chumvi. Kama ulilelewa huku miaka ile nilipolelewa mimi, harufu hiyo unaijua hata ukiwa usingizini.

Niseme tu mapema kwamba sikuwa nimelia. Hospitalini sikulia, kanisani sikulia, na kina mama wa kanisa walikuwa wameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Si kwamba nilijikaza. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: unajua ni wako, lakini ukiufinya haujibu. Hata harufu ile haikuniliza. Ilinifanya niegemee mlango na kukumbuka, basi.

Chekechea yangu ilikuwa jengo la chini lenye paa bapa, karibu na reli, na treni ilipopita tuliacha kila tulichokuwa tukifanya, tukakimbilia dirishani kuipungia mikono. Hakukuwa na madawati wala ubao. Palikuwa na trei kubwa ya maji, trei nyingine ya mchele mkavu, kona yenye jiko la mbao na vikombe vya plastiki, na meza ya ule unga wa kuchezea, ambao Miss Jackie aliupika mwenyewe kila Jumatatu na kuutia rangi. Miss Jackie alikuwa mwalimu wetu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Aliita kila mtu "bab", kama watu wa Birmingham wanavyoita kila mtu: mtoto, mzazi, hata aliyeleta maziwa.

Kazi yangu kwenye chekechea hiyo ilikuwa kuuza chai. Mimi na rafiki yangu Neema, mtoto wa jirani yetu kutoka Bukavu, tulisimama kwenye trei ya maji tangu asubuhi, tukimimina kutoka kwenye jagi kwenda kwenye vikombe. Jagi moja lilijaza vikombe vinne, lakini Neema akimimina yeye, cha nne hakikufika juu, na tuligombana kwa ajili ya hicho cha nne mpaka Miss Jackie akaja na kutuuliza ni nani mwenye zamu. Leo najua kwamba tulikuwa tunahesabu, tunapima, tunakosana na kupatana, vyote kwa maji ya bomba. Wakati ule nilijua tu kwamba mikono ya sweta yangu ilikuwa imelowa na kwamba sikutaka saa ya kwenda nyumbani ifike.

Mama alipokuja kunichukua aliniuliza swali lilelile kila siku, hata kabla hatujavuka barabara.

"Mmefunzwa nini leo?"

"Nothing," nilimjibu. "We just played."

Hilo ndilo jibu la kila mtoto wa chekechea katika nchi hii, na wazazi wa huku hulicheka. Mama hakucheka. Kabla ya kuja Uingereza yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea, huko Kitale, Kenya. Alikuwa na darasa la watoto zaidi ya hamsini, ubao mmoja wenye ufa, na mwandiko ambao wazazi walikuwa wakija kuutazama. Watoto wake waliingia darasa la kwanza wakiwa wanajua kuandika majina yao. Huku alikuwa akiosha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Castle Vale. Baba yangu hayumo katika habari hii kwa sababu hakuwamo nyumbani.

Basi mama akanunua daftari. Akalifunika kwa karatasi ya kaki, akazikunja kona vizuri kama mtoto yeyote wa Kenya ajuavyo, akaandika jina langu juu kwa ule mwandiko wake. Akalitia kwenye mkoba wangu pamoja na kalamu nyekundu.

"Mpe mwalimu," alisema. "Mwambie ni ya kusahihisha."

Nilimpa. Miss Jackie aliligeuzageuza, akasifu jinsi lilivyofunikwa, akasema ni zuri kweli, bab, kisha akalirudisha kwenye mkoba wangu lisije likalowa. Lilirudi jeupe. Kesho yake mama akalipeleka tena. Likarudi jeupe. Hivyo wiki nzima, mama akiamini kwamba mwalimu anakataa kumfundisha mtoto wake, na mwalimu akiamini kwamba mtoto ana daftari zuri analolipenda. Mwishowe Miss Jackie, kwa huruma yake, akabandika stika kwenye ukurasa wa kwanza. Lilikuwa jua la manjano linalocheka.

Mama aliuweka ukurasa ule chini ya taa ya jikoni.

"Hii ni ngapi kwa kumi?" aliniuliza.

Sikujua. Na sidhani alikuwa anatania.

Tangu hapo nikawa na shule mbili. Ile ya mchana ya maji, na ile ya jioni kwenye meza ya jikoni, ambako nilikaa wima, mkono mmoja umekunjwa, kidole cha wa pili mdomoni kama ishara ya kunyamaza, mpaka nilipoulizwa. A, e, i, o, u. Nisimpake mama matope: hakunipiga, na alikuwa na wimbo kwa kila herufi. Nilipopatia aliniwekea tiki nyekundu yenye mkia mrefu uliopanda mpaka mstari wa juu. Nilizipenda zile tiki. Ningefanya lolote nipate moja.

Mama Neema alijaribu kumtuliza. Nakumbuka tukiwa kituo cha basi, mvua ikinyesha, mimi na Neema tukikanyaga vidimbwi.

"Acha batoto bacheze, mama," alisema. "Kule kwetu bale bangu balijua kukimbia vita tu. Hapa beko bien, beko muzuri. Unasumbuka na nini?"

"Wewe unasema hivyo juu hujawahi kufunza," mama alijibu. "Mimi nimefunza. Mtoto wa four years anafaa kuwa anaandika jina lake."

"Ataandika. Jina halikimbiagi."

Mama hakuchekeshwa na hilo pia.

Jumapili moja baada ya kanisa alipiga simu Kitale, kwa zile kadi tulizokuwa tunakwangua namba kwa sarafu. Mimi nilikuwa chini ya meza na mwanasesere. Watu wazima wakishika simu husahau kwamba meza ina chini.

"Huyu mtoto anaharibikia huku, mama," alimwambia nyanya yangu. "Anaenda, anacheza maji, anarudi. Ni kama wamemwona ni wa Mwafrika wakasema huyu acheze tu, atakuja kuosha wazee kama mamake." Akasikiliza. "Wametuita wazazi tuende tukae nao siku moja. Nitaenda nijionee mwenyewe. Nikiona ni mchezo tu, namleta kwako asome."

Sikumjua nyanya. Nilimjua kama sauti ya mbali kwenye simu iliyoniuliza kama nimekula. Nilichoelewa pale chini ya meza ni kwamba kucheza ni kosa, kwamba mama anakuja kunifumania, na kwamba akinikuta nacheza nitapelekwa mahali pasipo na mama.

Kwa hiyo Miss Jackie aliponiinamia na kuniambia kwa furaha kwamba Alhamisi mama yako anakuja kucheza nasi, bab, utamwonyesha yote unayofanya, nilikwenda moja kwa moja kwa Neema. Nilimwambia Neema siku hiyo tusiuze chai. Tukae. Neema alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mama yake naye alikuwa anakuja, na yeye alitaka kumuuzia.

Alhamisi ilifika. Mama aliingia akiwa amefunga koti lake vifungo vyote mpaka shingoni, ingawa mle ndani palikuwa na joto la kutosha kuanika nguo. Alipewa kiti cha mtoto. Akakaa juu yake, magoti yakamfika karibu na kifua, mkoba wake mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Wazazi wengine walikuwa wamekwisha kupiga magoti sakafuni. Baba mmoja alikuwa amevaa taji la karatasi.

Mimi nilikuwa nimemtangulia. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye meza iliyokuwa tupu, mgongo wima, mkono mmoja umekunjwa kifuani na kidole cha mkono wa pili mdomoni.

"Kuna nini, bab?" Miss Jackie aliuliza. "Chai yangu iko wapi leo?" Akamgeukia mama, akamwambia kwa mshangao kwamba sijawahi kuwa hivi, kwamba siku zote hunitoa kwenye maji kwa kunibembeleza. Mama aliitikia kwa kichwa kwa adabu, bila kuamini. Mwalimu humjua mwalimu mwenzake anapotetea darasa lake.

Neema aliniita. Sikwenda. Treni ilipita, watoto wote na wale baba na mama wakakimbilia dirishani, nami sikugeuka. Mama alikuwa ameinama akiokota punje za mchele zilizomwagika zuliani, moja moja, akizirudisha kwenye trei. Alipomaliza akasogeza kiti chake karibu nami.

"Enda ucheze na wenzako," alininong'oneza.

Nilijua ni mtego. Nilibana kidole mdomoni kwa nguvu zaidi.

"Enda, mama. Enda ucheze kidogo."

Alisema hivyo mara mbili. Aliniita mama, kama alivyoniita nilipokuwa na homa. Nami nikatikisa kichwa. Alisimama, akaenda mwenyewe kwenye trei ya maji, akatia kidole kama anayepima uji wa mtoto, kisha akakipangusa kwenye koti. Sikumbuki mwanga wa kamera, lakini Miss Jackie alikuwa nayo mkononi asubuhi yote.

Tulitembea hadi nyumbani. Jikoni akaniketisha juu ya meza, akanishika mashavu.

"Wewe hukaa hivyo kila siku?"

Nilidhani ananisifu. Nilidhani nimeshinda.

"Yes, Mum," nilisema. "Every day."

Nikangoja tiki yangu. Mama aligeuka, akafungua bomba, akaosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana. Jioni hiyo hakunifundisha. Alipopiga simu Kitale nilimsikia akisema, "Wenzake wanacheka, wanaongea, yeye amekaa kama jiwe. Hafunzwi na hachezi. Wamemuua moyo." Kisha akasema nakuletea.

Nilisafiri na mwanamke mmoja wa kanisa letu aliyekuwa akienda kuzika. Kwenye uwanja wa ndege mama alinifunga vifungo vya koti kimoja kimoja kuanzia chini, na alipofika cha juu hakukuwa na kingine cha kufunga. Hakulia. Mimi nami sikulia, kwa sababu nilikuwa nafikiria mahali nilipokosea. Nilikuwa nimekaa vizuri. Nilirudia kichwani tangu mwanzo hadi mwisho na sikuona kosa. Nadhani ganzi hii ilianzia pale, kwenye foleni ya mizigo.

Kitale nilikaa miaka mitatu. Sina malalamiko. Nyanya alinipenda, akanilisha, na shuleni nilikuwa wa kwanza kwa sababu hakuna aliyejua kukaa kimya kunishinda. Daftari zangu zilijaa tiki. Kiingereza changu cha Birmingham kiliondoka, na uso wa Neema nao ukaondoka. Niliporudi, mama alinijia mbio pale uwanjani, mikono imefunguliwa, nami nikamnyooshea mkono wa kulia, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Habari ya safari, mama," kumbe aliyesafiri ni mimi. Akaupokea mkono wangu. Hatukuwahi kugombana baada ya hapo. Tuliishi kama wapangaji wenye adabu, nikakua, nikaolewa, nikazaa, na siku ile ya chekechea hakuna aliyeitaja, yeye wala mimi. Sikumwambia kwamba nilimdanganya. Nilingoja siku nzuri ya kumwambia, mpaka alipolazwa, na hospitalini nikaona si mahali pake.

Nilimwacha mtoto na unga wake, nikapanda tena juu kumalizia kazi. Juu ya kabati palikuwa na sanduku la safari. Ndani nilikuta pasipoti zilizokwisha, Biblia ya nyanya, na lile daftari la kaki, na chini yake faili nene la plastiki ya buluu lenye jina langu kwa kalamu ya rangi. Huo haukuwa mwandiko wa mama.

Siku hizi nina mtoto chekechea, kwa hiyo nilijua ni nini. Walimu wa huku huandika wanachokiona mtoto akicheza, wakapiga picha, wakakusanya, na mwishoni humpa mzazi. Mbele palikuwa na barua fupi ya Miss Jackie. Alimwandikia mama kwamba amesikitika kusikia nimekwisha kuondoka, kwamba chumba kimekuwa kimya, na kwamba faili ni la familia. Basi mama alikwenda kuaga baada ya ndege yangu kuruka, akarudi nalo, akalifungua katika nyumba hii akiwa peke yake.

Ukurasa wa kwanza mimi niko kwenye maji, mdomo wazi, nacheka mpaka macho yamepotea. Chini Miss Jackie ameandika: amemimina vikombe vinne bila kumwaga, akavihesabu, akamngoja Neema zamu yake. Na kando ya maneno hayo, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na tiki yenye mkia mrefu uliopanda mpaka mstari wa juu. *Vizuri.*

Niligeuza. Mimi na mchele, nikiupima kwa kijiko. Tiki. Vizuri. Mimi na Neema tumemvalisha Miss Jackie kofia. Tiki. Mimi dirishani, nikiipungia treni. Mimi nikifinyanga nyoka wa unga, na Miss Jackie ameandika kwamba nilisema ni S, herufi ya kwanza ya jina la mama yangu. Hapo mama ameweka tiki tatu. Alikuwa amesahihisha faili zima, kila ukurasa, bila kuruka, kama daftari la mtoto wa darasa lake.

Kwa hiyo alijua. Miaka yote ile alijua kwamba nilimdanganya na hakuniuliza. Kwa nini hakunirudisha wiki ileile, sijui. Labda aliona aibu kwa nyanya. Labda mwalimu akishafunga kitabu haoni njia ya kukifungua mbele ya mwanafunzi. Nimekasirika naye kwa hilo, nami nasema wazi, na hasira yenyewe ilikuja polepole na bila joto.

Picha ya mwisho ni ya Alhamisi ile. Mimi niko mezani, kidole mdomoni. Mama yuko nyuma yangu kwenye kile kiti kidogo, mkoba mapajani, koti limefungwa mpaka shingoni. Pindo la koti limepanda kwa sababu ya magoti, na chini yake inaonekana yunifomu ya kazi, ile ya zambarau ya kuoshea wazee. Nilikuwa sijawahi kujua kwa nini hakulivua. Alikuwa ametoka kazini, au alikuwa anakwenda, na hakutaka mwalimu mwenzake aione.

Hapo hapakuwa na tiki. Palikuwa na alama ya X, ndogo, nyekundu. Sikuwekewa mimi. Ilikuwa juu ya koti lake. Na chini ya picha ameandika neno ambalo kila aliyesoma Kenya analijua, lile unaloandika chini ya kosa kabla ya kulifanya upya. *Masahihisho.* Amelipigia mstari kwa rula. Baada yake ukurasa ni mtupu.

Nilikaa kitandani nikiutazama ule utupu mpaka nikasikia naitwa.

Jikoni unga ulikuwa umefika hadi mlangoni. Binti yangu alikuwa amefinyanga vikombe vinne, vimepinda, amevipanga sakafuni mbele ya mwanasesere wake.

"It's a tea shop," alisema. "Are you going, Mum? You've got your coat on."

Nikavua koti, nikalitundika kwenye msumari wa mama, nikaketi sakafuni katikati ya unga.

"La, siendi," nikamwambia. "Chai yangu iko wapi?"

"You have to wait your turn."

Nikasubiri zamu yangu.